Mgeni Aliyeonja Chambo

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu, Marlys Tollefsrud alikuwa akiopoa visamaki waliokufa kwenye tangi la tatu kwa kichujio cha chai. Kila asubuhi ya majira ya baridi alianza hivyo. Waliokufa walikuwa wa paka, walio hai walikuwa wa wavuvi. Duka lake la chambo lilikuwa ukingoni mwa Ziwa Birka, kaskazini mwa Minnesota, na ndani lilinuka mwani na kahawa. Kaka yake, Arvid, alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, akisoma gazeti la juzi.

Mlango wa upande wa ziwani ulifunguliwa, akaingia mtu wasiyemjua. Akitazamwa ubavuni alikuwa mpana kama trei. Akikugeukia, alikuwa mwembamba hata ungeweza kumpitisha chini ya mlango. Rangi yake ilikuwa ya fedha yenye madoadoa meusi, na alisimama juu ya mkia.

"Funga mlango, bwana, joto linatoka," Marlys alisema.

Mgeni akafunga. Maji yakamtiririka hadi sakafuni. Arvid akatoa kurasa za michezo, akamtandikia chini ya mkia, kisha akamtazama vizuri.

"Hilo koti langu."

"Lilikuwa kwenye gari," mgeni alisema.

Miaka minne nyuma Arvid aliendesha gari juu ya barafu mwezi Machi, baada ya kukatazwa na watu sita, likazama.

"Na gari?"

"Lipo. Wazee wanapenda kukaa humo wakisikiliza redio."

"Bado inashika?"

"Stesheni moja tu. Ya mahubiri."

Arvid akatikisa kichwa, akarudi kwenye gazeti. Marlys alikuwa ameshaona kwamba mgeni ni krapi, samaki wa ziwa lile, tena krapi mkubwa, lakini hakulitaja. Mtu haulizwi ukoo wake kabla hajakaribishwa kahawa. Akammiminia kikombe. Mgeni akaomba ya baridi, akapewa ya jana.

"Nimesoma kibao chako kwa chini," alisema. "Kile ulichobandika kwenye ndoo za wavuvi. Kinasema, 'Tuulize wanakula nini.' Nikaona labda utapenda kutuuliza sisi."

Marlys akafuta mikono kwenye aproni. Kwa miaka thelathini na mmoja watu walikuwa wamekuja kumuuliza chambo gani kinafaa, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewajibu sawasawa. Aliangalia mawingu, akanusa maji ya tangi, akasema funza au kisamaki, na walioshinda mashindano walishinda kwa chambo alichowachagulia yeye. Majina yao yalikuwa kwenye ubao uliotundikwa ukumbini, ubao ambao baba yake aliuchonga kwa mkono. Jina la Marlys halikuwamo. Ilibaki nafasi moja tu, ya mwisho, chini kabisa. Baba yake, wiki aliyokufa, alikuwa amemwambia, "Hiyo nimekuachia wewe, binti yangu. Usiniangushe."

"Haya," Marlys alisema. "Onja."

Akampangia kaunta. Kwanza funza waliotiwa rangi nyekundu. Mgeni alimtafuna mmoja, akasema rangi haina ladha, ila wadogo kule chini wanaipenda kwa sababu ya ushamba. Kisha viwavi wa nta, weupe na wanene. Hao aliwala akiwa amefumba macho, ingawa hakuwa na kope.

"Hawa ni wa siku mbaya," alisema. "Siku ambayo huna hamu ya kitu, mwili mzito, hutaki kukimbizana na mtu. Kiwavi mmoja akiningʼinia kimya mbele ya pua, unamla tu ili aondoke. Lakini nina swali. Mbona mnawaweka mdomoni na hamwamezi?"

"Tunawaweka shavuni wasigande," Arvid alisema. Alikuwa nao watatu shavuni wakati huohuo, kwa mazoea.

"Mna subira nyie," mgeni alisema kwa heshima.

Akafika kwenye visamaki. Tangi la kwanza aliwapita, walikuwa wakubwa mno. La pili walikuwa wazima lakini wamechoka. Kwenye la tatu akasimama. Mle ndani mlikuwa na kisamaki mmoja wa urefu wa kidole gumba, aliyepinda mkia tangu kuzaliwa, akiogelea upande upande kama mlevi anayetafuta funguo. Mgeni akaanza kufungua na kufunga kinywa.

"Usimuuze huyu," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukimtundika chini ya pezi la mgongoni, ukamshusha taratibu, ukamwacha juu kidogo ya macho yetu, nitakuja. Tunatazama juu sisi, hatutazami chini. Nitamwona, na sitaweza kujizuia. Najijua, mama. Njaa ya Februari haina adabu."

Marlys alimtazama yule kisamaki, akamtazama mgeni, akakadiria kwa jicho. Inchi kumi na saba, labda na nusu.

"Mbona unaniambia?"

"Kwa sababu mtu atanivuta tu, mwaka huu au ujao. Afadhali aliyenikaribisha kahawa. Ila niahidi jambo moja. Usinirudishe."

Arvid akashusha gazeti. "Lakini kila mtu anawarudisha. Ndiyo sheria yenyewe. Unapima, unapiga picha, unarudisha ziwani. Ni huruma."

"Huruma tunaiona," mgeni alisema. "Iko juu yetu."

Akaeleza bila haraka. Wakati wa baridi krapi wote hukaa kwenye Shimo, katikati ya ziwa, futi thelathini na nane kwenda chini. Anayevutwa kutoka huko haraka, kibofu chake cha hewa hufura kama puto. Akirudishwa hawezi kuzama tena. Hubaki amegota chini ya barafu, tumbo juu, hadi afe, na akifa hubaki palepale hadi barafu iyeyuke.

"Dari yetu imejaa," alisema. "Watoto wanalala wakiwatazama wajomba zao. Mimi sitaki kuwa dari. Unile. Siagi, unga kidogo, basi. Na usinitie limau."

"Nakuahidi," Marlys alisema.

Mgeni akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akamshukuru Arvid kwa miaka minne ya kumwazima, akatoka kwa mlango wa ziwani. Safari hii aliufunga.

Jumamosi watu mia mbili walisimama juu ya Shimo na keekee zao za kutobolea barafu. Duane Pelkey, mwenyekiti wa mashindano, alipita na kipaza sauti akiwakumbusha kwamba hapa Birka kila samaki hurudi nyumbani akiwa hai. Watu wakapiga makofi, ingawa makofi ya glovu hayana sauti.

"Mwaka huu vipi, Marlys?" Duane aliuliza. "Unavua, au umekuja kutuuzia funza wabovu?"

"Wabovu unawajua wewe, uliyewameza mwaka jana."

"Nilipiga chafya! Nimekwambia mara ngapi?"

Marlys alimshusha yule kisamaki saa tisa, jua lilipoanza kulegea. Alimtundika chini ya pezi la mgongoni, akamshusha taratibu, akamwacha juu kidogo. Chelezo hakikuzama. Kiliinuka, kikalala ubavu, kama kinavyofanya krapi wakichukua chambo kutoka chini. Akavuta. Tundu likajaa fedha.

"Kumbe ni wewe," Marlys alisema.

"Si nilikwambia najijua," krapi alisema. Alizungumza kwa shida kwa sababu kibofu kilikuwa kimempanda kooni.

Duane alikuja mbio na rula. Inchi kumi na saba na robo tatu. Watu wakakusanyika, wakaanza kumpigapiga Marlys mgongoni kwa pongezi.

"Mshike vizuri nipige picha," Duane alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Kisha mrudishe. Ile nafasi ya chini ni yako, dada. Mzee wako angelia leo."

Marlys alimshika. Akilini aliona ubao, na patasi ya baba yake, na nafasi ile tupu ambayo aliitazama kila Krismasi na kila mazishi ukumbini. Krapi alikuwa akitazama juu, kama kawaida yao.

"Simrudishi," Marlys alisema.

Akatoa rungu dogo, akampiga mara moja, palipostahili, akamlaza kwenye ndoo.

Mama mmoja akawafunika watoto wake macho. "Marlys!" Duane alisema. "Umemuua!"

"Ndiyo. Na wako, uliowarudisha?"

Arvid alikuwa ameshashusha kamera yake ya majini tunduni, na akaigeuza itazame juu. Watu wakainama kwenye kioo chake kidogo. Dari ilikuwepo, nyeupe, imetandazwa krapi mamia, tumbo juu, macho yametoka, wengine wa asubuhi ile, bado wakipiga mapezi. Chini yao wadogo walikuwa wamelala kwa mistari.

"Mm," mmoja alisema.

"Kamera yako ina uchafu, Arvid," Duane alisema. Kisha akatazama saa, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba zimebaki dakika arobaini, na kila mtu akarudi kwenye tundu lake. Kijana wa kutoka mjini alivuta krapi wa inchi kumi na tatu, akapiga picha, akambusu, akamrudisha. Jina lake lilichongwa kwenye ubao Jumapili, chini kabisa, na Duane aliagiza ubao mwingine, mpana zaidi, wa plastiki.

Koti la Arvid bado liko kwenye msumari dukani. Halijakauka, na chini yake wameweka ndoo.

Jumamosi ile jioni Marlys alikaanga kwa siagi na unga kidogo. Arvid alikaa upande wa pili wa meza, akasema harufu ni nzuri, akasogeza mkono kuelekea limau.

"Weka chini," Marlys alisema.

Akaweka chini. Walikula polepole, wakitenga mifupa pembeni, na mara kwa mara Marlys aliacha kula kidogo na kufuta macho kwa pindo la aproni. Hakubakiza hata mkia.