Ubishi Bandani

Faraja aliinama bandani, akamwinua mtoto wa nguruwe aliyelowa kinyesi cha manjano, chepesi kama maji. Alikuwa wa baridi. Mwingine alikuwa amekufa alfajiri ile ile.

Nje, mumewe Aminieli na shemeji yake Paschal walikuwa bado wanabishana.

"Ni bakteria," alisema Aminieli. "Si niliwachoma sindano wakapata nafuu?"

"Nafuu gani, na wanakufa? Hivyo ni virusi, kaka. Virusi havisikii sindano. Unamaliza dawa bure."

Tangu kuhara kulipoingia bandani, ndiyo ilikuwa kazi yao. Asubuhi wanabishana, jioni wanabishana, na anayezoa kinyesi ni Faraja. Siku hiyo uvumilivu ulimwisha. Akamfunga yule mfu kwenye mfuko, akajitanda khanga, akapita katikati yao bila kuaga. Akatoka kijijini Vudee, akateremka mjini Same.

Daktari wa mifugo aliyemkuta ofisini alikuwa binti wa Kiislamu, Nasrin, amevaa hijabu. Faraja akasita mlangoni.

"Shikamoo, mama. Umeleta nini?"

"Marahaba. Ni… ni nguruwe, mwanangu. Labda nimsubiri mwenzako."

"Mwenzangu yupi? Niko peke yangu." Nasrin alikuwa ameshaanza kuvaa glavu. "Mimi simli, ila namtibu. Mlete."

Alimpasua, akachukua sampuli za maabara, kisha akasema, "Majibu nitakupigia. Ila waliobaki wasikaukiwe maji. Wanyweshe maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, kutwa nzima. Wapate joto na matandiko makavu."

Faraja alirudi akafanya hivyo, mgongo ukimuuma. Wanaume walimtazama, wakaendelea na ubishi wao.

Nasrin alipopiga, Faraja aliweka simu spika ili wote wasikie.

"Mama, tumekuta bakteria."

"Si nilisema!" Aminieli akajipiga paja.

"Na virusi pia. Vimewashambulia kwa pamoja. Virusi vimeharibu utumbo, bakteria wakapata pa kuingilia. Nitakupa dawa inayowaweza hao bakteria. Kwa virusi, ni maji, joto na usafi."

"Umesikia, kaka? Virusi!" Paschal akadakia.

Faraja alimshukuru daktari, akakata simu, akawageukia.

"Kwa hiyo wote wawili mlikuwa sahihi. Mkasimama hapo uani na usahihi wenu, watoto wanakufa! Baba Neema, chukua brashi, sugua banda. Shemeji, kachemshe maji. Na nisisikie neno."

Aminieli akachukua brashi, Paschal akaenda kuwasha moto.

Watoto waliobaki walipona, ingawa mmoja alidumaa. Kabla nguruwe mama hajazaa tena, Aminieli alishuka Same mwenyewe kuulizia chanjo, akamwomba Nasrin radhi kwa kuchelewa kuja kwake. Paschal yeye aliwasimulia watu nje ya kanisa kwamba aliujua ugonjwa ule tangu siku ya kwanza. Faraja alikuwa nyuma yake, anasikia kila kitu. Akavuta pumzi ndefu, akaenda zake nyumbani kukata majani ya nguruwe.