Jicho la Ruqaiya

Kabla ya adhana nilisikia kikombe kikigonga sinia. Mjukuu wangu Ruqaiya, mjamzito, alikuwa anapapasa kutafuta chai iliyokuwa mbele yake. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu tena, kama utotoni.

"Ni jicho," alisema mama mkwe wake, Zuleika. "Watu wameliona tumbo." Akamfukiza ubani mpaka jicho zima nalo likatoa machozi. Hodari kweli.

Nilimpeleka hospitali. Zuleika akatufuata, akamuuliza daktari, "Si ni jicho?"

"Ndiyo, mama, ni jicho."

Akanigeukia kama aliyeshinda kura.

Daktari alimweleza Ruqaiya polepole: kijidudu cha zamani kilikuwa kimelala ndani ya jicho, sasa kimeamka. Kikiwa cha zamani, ni nadra kumfikia mtoto. Akampa dawa zinazomfaa mjamzito, na muuguzi akamshika mkono mpaka getini.

Ukungu ulipopungua, niliaga nirudi kwangu. Chetezo cha Zuleika cha kufukizia ubani nilikuwa nimekificha kikapuni. Ruqaiya alikiona, kwa macho yote mawili, akacheka.

"Bibi, uje tena Ijumaa. Atakuwa amenunua kingine."