Kichwa cha Bok-hee Ndani ya Friji

Baridi ya Novemba ilikuwa imekaza uani, na kabichi zilizolazwa kwenye chumvi zilingoja kukolezwa ziwe kimchi, achari kali ya kuliwa mwaka mzima. Wote walivaa makoti isipokuwa Bok-hee, aliyekuwa akichuruzika jasho.

"Jasho hilo likidondokea humu utakula peke yako mpaka kiangazi," alifoka mama mkwe, Bibi Jeom-rye. "Mimi hedhi ilikoma kimya kimya. Sikutoa jasho hata tone!"

Maskini Bok-hee! Leo bibi alikuwa amkabidhi mmoja wa wake za wanawe kazi ya kukoleza viungo, naye Bok-hee aliitamani mno. Tangu aolewe alikuwa mwosha kabichi tu.

Mi-suk, mke wa shemeji yake mkubwa, hakujua joto. Yeye ukomo wa hedhi ulimjia kwa machozi, na sasa alikuwa akililia figili iliyokatwa vibaya.

"Dada, ni figili tu hiyo."

"Najua! Ndiyo maana inaniuma!"

Joto likampanda Bok-hee tena. Akanyata ndani, akainua mfuniko wa friji ya kimchi, iliyokuwa bado tupu, akatumbukiza kichwa. Raha iliyoje! Akasahau dunia mpaka aliposikia mtu akikohoa nyuma yake.

"Ndiye huyu wa kumkabidhi kimchi ya ukoo?" aliuliza mama mkwe.

Bok-hee akainuka. Kazi ndiyo hiyo imekwenda.

Baba mkwe alikuwa amejilaza hapo hapo, kwenye sakafu iliyopashwa joto kwa chini. Kwa kawaida mdomo aliufungua kwa kula tu.

"Afadhali yeye," akasema. "Wewe uliingiza kichwa kwenye mtungi wa kimchi uliofukiwa uani, ukakwama. Tukauvunja kwa nyundo."

"Nilikuwa naangalia kama imeiva!"

"Mtungi ulikuwa mtupu."

Mi-suk, aliyekuwa mlangoni, akacheka mpaka akalia, kisha akalia kwa kuwa amecheka.

Bibi akatoka, uso mwekundu. Akarudi na jani la kabichi lililopakwa viungo, akalikunja, akamlisha Bok-hee kwa mkono wake.

"Chumvi imetosha?"

Alikuwa hajapata kumuuliza hivyo hata siku moja.

"Bado kidogo, Mama."

"Basi nenda ukaongeze mwenyewe."

Halafu akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga Bok-hee kwenye paji la uso, akakaza fundo.

"Hiki kinanyonya jasho vizuri," akanong'ona. "Nilishakijaribu."