Jumatatu ya Kufua

"Weka hapo chini," Doreen, mfuaji wa jezi zetu, alisema bila kugeuka, mikono yake ikiwa kwenye povu hadi viwiko. "Na viatu ungefuta."

Clive Pemberton, mwenyekiti wa klabu yetu ya raga, akalitua sanduku sakafuni Ijumaa hiyo. Ndani mlikuwa na jezi mpya za zambarau. Kifuani zilikuwa na jina ambalo si letu. Sisi Harrowshaw tulikuwa tukiunganishwa na Cragley, watu wa ng'ambo ya mto, ambao tumewazomea tangu enzi za babu zetu. Ndiyo, msimu mzima tulikuwa mkiani mwa ligi. Lakini mkia ulikuwa wetu!

"Jumapili, mechi ya mwisho, vijana wavae hizi," Clive alisema. "Watu wazizoee."

"Kwani wanachama wamepiga kura?"

"Jumanne. Itapita tu, mpenzi."

"Mpenzi wako yuko kwako," Doreen alisema. "Haya, nenda."

Huyu Clive alikuwa muuza mazulia, na uenyekiti ameupata juzi tu. Kuhusu jezi alijua jambo moja: mpya haivaliwi kabla haijapita kwa Doreen. Kitambaa cha kiwandani kinachubua shingo na kifua cha mtu anayegongana na wenzake mechi nzima, kwa hiyo Doreen hukiloweka, hukisugua, hukilainisha. Inachukua muda gani, Clive hakuuliza.

Alipoondoka, Doreen alikaa kitini akalia kwa hasira. Stan, marehemu mumewe, alivunjwa pua mara nyingi ndani ya jezi yetu ya kijani na njano, na jezi hiyo ndiyo aliyozikwa nayo. Sasa muuza mazulia anataka kuifuta klabu kama doa! Doreen akapangusa uso, akajaza pipa maji, akazitumbukiza zambarau zote.

Jumapili, katika chumba cha kubadilishia nguo, zilizotundikwa zilikuwa zile zetu za kijani na njano, zimepigwa pasi, kola zimetiwa viraka.

"Ziko wapi?" Clive alifoka.

"Zimelowekwa."

"Tangu Ijumaa?"

"Kitambaa kigumu hicho. Hakitaki haraka."

Garth Lumb, nahodha, mjenzi mwenye masikio yaliyopondeka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwenyekiti, au tutoke vifua wazi? Wewe tangulia basi, tukuone."

"Doreen, kuanzia leo kazi hii huna!"

"Kazi hii hukunipa wewe," Doreen alisema. "Garth, mwanangu, inua mikono." Akamvuta jezi ikakaa sawa mabegani.

Tulifungwa, nisiseme uongo. Mvua ilinyesha, uwanja ukawa uji. Lakini dakika za mwisho Garth aliburuta wanaume watatu mgongoni mpaka kwenye mstari, akaukandamiza mpira kwenye tope, pointi zikawa zetu, na uwanja mzima ukalipuka kana kwamba tumetwaa kombe. Filimbi ya mwisho ilipolia hakuna aliyeondoka. Tulisimama mvuani tukiimba, na Clive akapita katikati yetu ameinamisha kichwa.

Jumatatu asubuhi alikuja kuchukua jezi zake za zambarau, ili azionyeshe kwenye mkutano wa kura. Gari lake likaingia kichochoroni, nyuma ya nyumba zetu. Likakwama. Kamba ya Doreen ya kuanikia ilivuka kutoka ukuta hadi ukuta, na kijani na njano zilikuwa zinapepea usawa wa kioo. Clive akapiga honi. Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine, na wanawake wakatoka wamekunja mikono.

"Toa nguo hizo nipite!"

"Leo Jumatatu, Bwana Clive," Doreen alisema, kibanio mdomoni. "Siku ya kufua, kamba zote ziko nje. Hapapiti gari."

"Dakika moja tu, mama!"

Doreen akatoa kibanio mdomoni. "Stan wangu tulimzika Jumatatu. Gari la maiti lilizunguka."

Kisha honi ikalia tena, ndefu, haikomi. Doreen akainama kwenye kikapu, akachomoa jezi namba nane, ya Garth, ambayo tope lake halijatoka lote. Akaikung'uta mara moja, kwa nguvu, maji yakarukia boneti. Akaianika.

Kikapu kilikuwa bado kimejaa.