Mtoto Aliyeitwa Pingusi

Jina lenyewe lilikuwa Pingusi, na pale Ilomba hakuna aliyelijua. Asukile, seremala wa mbao za Mafinga, alimpa mwanawe jina hilo siku alipozaliwa, akacheka, akamwambia mkewe, "Tulia, Blandina, nitakueleza." Kabla hajaeleza, kiharusi kikamwangusha karakanani. Ulimi ukafa, upande mzima wa mwili ukafa, akabaki na macho na mkono wa kushoto.

Sasa ubatizo ulikuwa Jumapili, na ukoo umechachamaa. Kwa Wanyakyusa jina si urembo. Dada yake Asukile anaitwa Alinanuswe, yaani Mungu yu pamoja nasi. Ukimwita tu uani, umeshasali. Pingusi ni sala gani? Mzee Eliezeri, baba yake Asukile, alisema jina lisilojulikana ni la mizimu. Huenda mwanawe alipewa na mganga huko Lindi, alikokaa akipaua nyumba za watu. Mtoto abatizwe Ombeni, basi.

Blandina angemjibu vipi? Katika ukoo ule mkamwana hasemi na baba mkwe wala hamtazami usoni. Akisikia kikohozi chake tu, anajifunika kanga na kugeukia ukutani. Neno lolote lazima lipitie kwa wifi. Kwao Tosamaganga heshima ipo, lakini si ya kufungana mdomo namna hii. Ila mgeni ni kuku mweupe: angethubutu kuvunja mwiko ule, wangesema ndiye aliyemwangusha mume.

Akabaki na kazi moja, kulitafutia maana jina la mwanawe. Mchungaji hajui, mwalimu hajui. Jumamosi akaenda sokoni kwa muuza ng'onda, wale samaki wakavu wa pwani, naye ni mtu wa Lindi.

"Pingusi?" yule bwana akasema. "Papa huyo, mama. Mdogo tu, kichwa kimetanuka huku na huku kama nyundo. Kwetu tunamla na ugali."

Blandina alilia pale pale mbele za watu. Mtoto wa seremala, kinyundo chake! Kumbe Asukile alikuwa akimtania mwanawe kwa mapenzi tu, hakuna mganga wala mzimu. Alirudi nyumbani mbio, kidogo atumbukie mtaroni.

Alinanuswe akapeleka habari sebuleni, akarudi na jibu. "Baba anasema samaki hasali. Na huyo mwenyewe anang'ata."

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Waongo. Walikaa wengi sebuleni siku ile na neno likaharibika. Lakini mzee hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa na hofu. Mwanawe amelala kama gogo, na mwenye hofu hutafuta cha kulaumu.

"Wifi, mwambie tumuulize mwenyewe," Blandina akasema. Tangu mumewe aanguke walikuwa wakizungumza hivyo: anamshika mkono, anamuuliza, naye akikubali anaubana. Hiyo ndiyo ndoa iliyobaki, na alikuwa akiishukuru kila siku.

Wakaingia chumbani. Blandina akajifunika, akageukia ukuta, mtoto kifuani. Alinanuswe akaushika mkono wa mgonjwa.

"Kaka, mtoto ni Pingusi?" Akausikilizia mkono. "Amebana, baba."

Blandina alifumba macho kwa furaha. Akamsikia mzee akivuta kigoda, akisogea kitandani.

"Mwanangu, tumbatize Ombeni?" Akaushika mkono yeye mwenyewe. Sauti ya mzee ilipotoka, ilikuwa imekwaruza. "Na mimi amenibana."

Kisha Alinanuswe, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, akauliza polepole, "Kaka, wewe ni mwanamke?"

Blandina alisikia wifi yake akianza kulia, akajua amebana tena.

Alisimama na uso wake ukutani, yakamrudia yote aliyowahi kumuuliza mumewe: kama anamsikia, kama maumivu yamepungua, kama bado anampenda. Hakuna hata moja ambalo Asukile hakulibania mkono. Jina alikuwa nalo, maana yake alikuwa nayo, na mwenye kusema ndiyo hakuwepo tena pale kitandani.

Akageuka. Kanga ikamwanguka mabegani, akamtazama baba mkwe usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mzee alikuwa akitiririkwa na machozi, na hakumkemea.

"Mwiteni Ombeni, baba," Blandina akamwambia.