Kambi Isiyojulikana na Mtu

Majira yote ya baridi Gaëtan alisaka kambi ya kupiga hema ambako hatasikia mbwa wa Josiane wala tarumbeta ya Firmin, majirani zake. Mwishowe akaipata huko Creuse, mashambani Ufaransa: kijito na ng'ombe wachache, hakuna kingine. Mdomo ukamwasha. Kila jioni, majirani walipokutana kwa glasi moja ya mvinyo kabla ya chakula, alimvuta mmoja pembeni akamnong'oneza jina la kambi.

Agosti akafika kambini na mkewe, Solange. Akamfungulia mlango wa gari kwa madaha. "Sikiliza, mke wangu. Kimya!"

Mbwa akabweka. Tarumbeta ikalia. Chini ya miti, mtaa wao mzima ulikuwa umeshapiga mahema.

Firmin akaja mbio, tarumbeta mkononi, amenuna. "Gaëtan, umetudanganya bwana! Kimya gani hiki? Na nafasi imebaki moja tu, ile ya kando ya choo."

Solange akashika kiuno. "Kumbe ulitangaza?"

"Nitangaze nini mimi?" Gaëtan akafoka. "Nilimwambia mmoja mmoja, na kila mmoja nikamkanya asimwambie mtu!"