Hodi ya Nne

Mume wangu hupiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Ufunguo anao mfukoni, kodi analipa yeye, lakini atasimama mlangoni na mabuti yake ya zimamoto aite "Hodi!" kama mgeni anayeulizia njia. Miaka yote ya ndoa nimemfokea: ingia, baba, hapa ni kwako. Anacheka tu. Asipoitikiwa mara tatu, anakwenda kukaa kwenye ngazi mpaka atokee mtu.

Wa kulaumiwa ni mama yake, ambaye tunaishi naye na ninampenda, ingawa siku nyingine najiuliza kwa nini. Yeye ndiye aliyemkaririsha tangu mdogo: hodi tatu, kwa sauti ya heshima, ukinyamaziwa, ondoka, usichungulie ya watu. Sheria hiyo nusura inikoseshe mume. Siku ya kwanza alipokuja kwetu nilikuwa bafuni, povu mpaka masikioni. Akabisha zake tatu, akaondoka. Nilitoka mbio na taulo kichwani na kandambili za kaka yangu miguuni, nikamkuta kituoni anasubiri basi. Mpaka leo anadai kilichomvutia ni zile kandambili.

Basi tetemeko la ardhi lilipoiangusha nchi moja ya mbali, kikosi chake cha uokoaji kikaitwa. Nilimpangia begi huku machozi yananilengalenga, nikamwambia arudi mzima, la sivyo asirudi kabisa. Najua, haina maana. Woga ukinishika huwa nageuka mkali.

Mama mkwe alikuwa na swali moja tu. "Huko wanazungumza lugha gani?"

"Siijui, mama. Tutafundishwa maneno mawili matatu kwenye ndege."

"Uanze na salamu," akamwambia.

Mimi nina saluni. Wiki ile wateja wangu walipata tabu, maana mkono ulikuwa kwenye nywele zao na macho kwenye televisheni. Mama mkwe alihamia kwenye kiti cha mashine ya kukaushia nywele, kichwa kikavu kabisa, kwa sababu kiti hicho ndicho kinachotazama skrini. Kila kofia ya zimamoto ilipopita alisema, "Yule pale!" Kama ingekuwa kweli, nchi nzima ingekuwa imejaa mume wangu.

Alipopiga simu, sauti yake haikuwa yake. Walikuwa hawajampata hata mtu mmoja mzima. "Tunafika tumechelewa," alisema. "Kila nyumba tunafika tumechelewa." Nikamuuliza kama anakula.

Halafu siku moja mchana ikaja simu ya video. Uso ulikuwa vumbi tupu, meno tu ndiyo yanaonekana, na meno yalikuwa yanacheka. Nikaacha kichwa cha mteja nusu. Saluni nzima ikajisogeza mabegani kwangu.

Akatusimulia. Walikuwa kwenye ghorofa lililolala chini. Kazi yao huenda hivi: mkuu anainua ngumi, mashine zote zinazimwa, hakuna anayekohoa. Mmoja anaita kwenye upenyo, wengine wanatega sikio. Zamu ilikuwa yake. Yale maneno ya kwenye ndege yakamtoka yote kichwani, akainama kwenye kifusi na kuita, "Hodi!"

"Hodi?" nikasema. "Kwa watu wasiojua hata neno moja la kwetu?"

"Ndilo lililokuja mdomoni. Wenzangu wakauma midomo wasicheke. Nikaita la pili. La tatu. Kimya. Mkuu akashusha ngumi, tuhamie nyumba ya jirani. Nikainuka kweli, mke wangu. Miguu ilishazoea: tatu zimetimia, nenda zako. Nikapiga hatua, moyo ukakataa. Nikarudi, nikalala kifudifudi nikaita tena."

"Ya nne?" akauliza mama mkwe, kwa ukali kabisa.

"Ya nne, mama. Unisamehe. Ndipo nikasikia kijiko kinagonga bomba."

Alikuwa bibi kizee, chini ya meza ya jikoni. Walichimba kwa saa nyingi. Alipotolewa alimshika mume wangu mkono, akawa ananong'ona bila kukoma, ikabidi aitwe mkalimani. "Anaomba radhi," mkalimani akasema. "Anasema mmemkuta nyumba imevurugika."

Saluni ikaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Mama mkwe akajifuta macho kwa taulo la mteja. "Huyo," alisema, "amelelewa."

Siku mume wangu aliporudi, tulijua saa atakayofika. Nikapata wazo, na wakati ule lilionekana zuri sana. Nilitaka kuisikia ile hodi ya nne kwa masikio yangu, nione kama na mimi nitapewa. Nikazima redio, nikamwekea mama mkwe kidole mdomoni. Akaninunia, lakini akanyamaza.

Mabuti yakapanda ngazi. "Hodi!" Nikabana kicheko. "Hodi!" Mama mkwe akanifinya paja. "Hodi..." Ya tatu ilikuwa ndogo. Nikangoja mabuti yageuke kama siku zote. Hayakugeuka. Nikasikia kiganja kinapapasa mlango, halafu pumzi, kama mtu aliyeweka sikio kwenye mbao.

"Hodi!" aliita, na sauti ikapasuka katikati. "Jamani, mpo? Hodi!"

Kicheko kilinikauka. Niliruka kiti nikiita karibu, karibu, tupo, lakini mama mkwe na magoti yake mabovu alinitangulia mlangoni. Mwanawe alikuwa amepiga magoti sakafuni, begi bado mgongoni. Mama akamkumbatia kichwa.

"Tupo, mwanangu," alisema. "Tupo wote. Usibishe tena hapa, sikia? Ingia tu."

"Mlikuwa kimya," alisema mume wangu. Hakuwa ananilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikakaa naye pale sakafuni, nikamwambia nampenda na kwamba mimi ni mjinga, na yote mawili akayakubali.

Hodi hajaiacha, hilo halitatoka. Ila siku hizi hafiki ya pili. Ya kwanza tu naitikia, niwe jikoni, niwe bafuni na povu mdomoni, na mama mkwe anaitikia chumbani kwake kwa nguvu zaidi yangu. Majirani wanatuona wehu.